Jina la Baba Yake Macharia

Jumatatu, 5 Juni 1989

Lango la ofisi nimefungua saa moja na robo. Nimefagia. Nimechemsha chai. Nimepangusa kioo cha kompyuta kwa kitambaa laini, maana niliamriwa. Viti sikuamriwa kupangusa, kwa hivyo viti viko na vumbi.

Baridi ya Juni. Mlima haujaonekana wiki nzima. Una akili kuliko sisi, umejifunika.

Naandika Kiswahili ili mke wangu asisome. Kiswahili nilifundishwa na Waislamu wa Majengo nilipokuwa nachinja nao mbuzi hapa Nyeri mjini. Shule nilifika darasa la nne, mwalimu akachoka.

Kompyuta inakaa peke yake chumba cha nyuma, imefunikwa shuka kama bibi harusi. Ndani yake kuna majina yote ya wanachama wa kampuni yetu ya mashamba, na namba ya shamba ya kila mtu. Zuhura, binti wa Majengo anayepiga chapa, amemaliza miezi miwili akiyaingiza. Zamani majina yalikaa kwa kitabu kikubwa, kitabu kwa sanduku, sanduku lina kufuli tatu. Funguo za kufuli hizo walipewa watu watatu wasiosalimiana. Mpaka wakubali kusimama chumba kimoja, kitabu hakifunguki. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa.

Sasa mwenyekiti, Macharia, ameniambia nikichome kitabu. Ati vitabu viwili huleta kweli mbili. Ijumaa nilikibeba nyumbani nikichome. Mvua ikanyesha. Nikakitia kwa gunia, gunia nikalisukuma juu ya dari ya kibanda cha kuku. Leo Macharia ameniuliza. Nikamwambia kimeungua vizuri, hata jalada.

Kabla ya kukificha nilichungulia ukurasa wa dada yangu Muthoni. Shamba namba 212, Endarasha, kando ya mto. Alama yake ya kidole gumba cha kushoto iko hapo, na mstari mweupe umeikata katikati. Huo mstari ni kazi yangu. Tulikuwa watoto, tunakata nyasi ya ng'ombe, mimi nacheza na mundu. Alinipiga siku hiyo mpaka nikalala chini ya kitanda. Bado ananipiga, kwa mdomo.

Alhamisi, 8 Juni

Kichekesho. Zuhura amesema kompyuta lazima iwe na neno la siri. Bila hilo neno haifungui majina. Mwenyekiti achague neno, asimwambie mtu isipokuwa yeye karani.

Macharia akatutoa sisi wote nje, kama mwanamke anazaa ndani. Akaandika neno lake kwa kidole kimoja. Akatoka na jasho.

Zuhura aliporudi nikamwambia, "Neno ni Gichuki."

Rangi ikamtoka. "Babu, nani amekuambia?"

Nikacheka mpaka nikakohoa. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba ya baba yake. Hakuna kuchagua. Macharia ni mwana wa Gichuki, kila mtu kutoka hapa mpaka Kangema anajua, mzee Gichuki alikuwa mfuga nyuki na mlevi. Na Macharia anampenda kifungua mimba wake kuliko mke. Angeandika nini kingine? Jina langu?

Zuhura alikwenda kumwambia Macharia abadilishe. Aandike herufi na namba zilizochanganywa, zisizo na maana. Nilisikia sauti ya Macharia mpaka langoni: "Wewe binti piga chapa. Siri niachie mimi."

Akatoka amekunja uso. Nilimpa chai. Hakuinywa.

Jumamosi, 10 Juni

Buchani. Mbuzi mzuri. Watu wengi. Nikawaambia habari ya siri ya Macharia, jinsi alivyotufukuza nje ili aandike jina la babake. Sikulitaja. Hakukuwa na haja. Watu walicheka wakishika kuta. Muuza nyama alipiga gogo kwa shoka kwa raha.

Gathogo alicheka mwisho. Gathogo muuza mbao. Mtu wa rika langu, tulitahiriwa mto mmoja, asubuhi moja. Aligombea uenyekiti mwaka juzi akashindwa na Macharia.

Nilijisikia mtu mkubwa. Nimelala vizuri.

Jumatano, 14 Juni

Saa saba Zuhura alienda kuswali na kula. Ufunguo wa chumba cha nyuma unaning'inia msumarini nyuma ya mlango, mahali pake pa siku zote. Gathogo akaja na mbavu za mbuzi kwa gazeti, moto bado. Alikuwa na mtu mwenye kipara na tai na mkoba. Ati fundi wa nyaya za umeme, ametumwa kuangalia kama kompyuta itashika moto.

"Wakini," akaniita, yaani mwenzangu wa rika, "kula, usije ukafa na njaa langoni ukatuaibisha."

Nikala. Wao nikawafungulia, wakaingia. Walikaa muda wa mbavu sita. Wakatoka wakaniaga vizuri.

Sikumwandika fundi kwa kitabu cha wageni. Mikono ilikuwa na mafuta.

Jumatatu, 19 Juni

Mvua. Hakuna kitu. Jino linauma.

Alhamisi, 22 Juni

Orodha imebandikwa ukutani. Hii ndiyo itakayopelekwa ofisi ya ardhi, hati zitolewe. Kurasa ndefu za kompyuta, zenye matundu pembeni. Watu walijaa uani kabla ya saa tatu, kila mtu na kidole chake kikitembea kutafuta jina.

Mwanamume mmoja wa Endarasha alipiga yowe kwanza. Jina lake halipo. Halafu mwingine. Halafu wa tatu. Mashamba kumi na moja, yote kando ya mto, yana majina ya watu ambao hakuna aliyewahi kuwaona wakipanda hata kitunguu.

Nikasoma 212. Si Muthoni. Ni jina la mtu fulani simjui. Nikalisoma tena kama mtoto, herufi kwa herufi.

Macharia akasimama ngazini. "Mashine haidanganyi," akasema. Jiwe likamfikia kwa sikio. Damu ikaingia kola. Akashuka akampiga mwanamume wa kwanza ngumi ya mdomo, na yule akamshika tai akamburuta, wakaanguka kwa matope, watu wakawarukia wote wawili kwa mateke. Hawakuchagua. Nilimwona mama mmoja mwenye Biblia kwapani akimpiga mtu asiyemjua kwa mwavuli mpaka mwavuli ukavunjika. Madirisha yote ya mbele yamekwisha.

Polisi walikuja wakapiga kila mtu sawasawa. Mimi nilipigwa rungu moja la bega. Nilistahili kumi.

Mbavu sita. Naona aibu. Nimezihesabu tena na tena.

Jumamosi, 24 Juni

Nilipanda gari la asubuhi nimwambie Muthoni. Nilichelewa.

Lori la mbao la Gathogo lilikuwa limefika kabla yangu. Wanaume kama kumi na watano, mapanga na mashoka. Saa nne ya mchana, jua linawaka, watu wanatazama kutoka vilimani kama ni mchezo wa mpira. Waliangusha nyumba ya jirani kwanza. Walimpiga mwenye nyumba kwa ubapa wa panga mgongoni mpaka akanyamaza. Sijui kama yuko hai. Walimkata mbwa wake kichwa.

Muthoni alikuwa mlangoni na panga lake la kukatia miti. Mjane wa miaka sitini na mbili, sketi ameifunga kiunoni. Nilisikia akiwaambia, "Anayetaka viazi vyangu aje achimbe." Wa kwanza aliingia akicheka. Muthoni alimkata begani, kucheka kukakatika pia. Wa pili alimwinulia panga, na Muthoni akainua mkono wa kushoto kuzuia uso.

Vidole viwili. Kile kidogo na kinachokifuata. Niliviona chini kwenye majani ya viazi.

Nilikimbia. Naandika ukweli, nilimkimbilia, sikukimbia nyuma. Nilimpiga yule mtu kwa jiwe la jiko kisogoni na akaanguka, na nilimpiga tena akiwa chini, na mara ya tatu, na nilifurahi. Mwenzake akanitupa kwa boma la miiba. Walipoona Muthoni hatoi mguu mlangoni, damu inamchuruzika na panga bado liko mkono wa kulia, walitia moto ghala ya viazi wakapanda lori. Watarudi, walisema, na hati.

Tulimfunga mkono kwa leso na tukampeleka hospitali kwa mkokoteni mpaka barabarani. Njiani nilimwambia yote. Bucha. Mbavu. Fundi.

Halafu akasema, "Muru wa maitu, mwana wa mama yangu, mdomo wako ulizaliwa kabla yako."

Kisha akanigeuzia mgongo. Afadhali angenipiga.

Jumatatu, 26 Juni

Macharia yuko kazini na bandeji ya sikio. Zuhura akamwonyesha kwamba majina yalibadilishwa tarehe 14, saa saba. Kompyuta hukumbuka saa. Macharia alikaa chini. Akaandika neno jipya, siri kubwa.

Nikamuuliza Zuhura, "Ni Theuri?"

Akajishika kichwa. Mtoto wa pili wa kiume hupewa jina la baba ya mama. Na mkwe wake Macharia ni Theuri wa Kianyaga, aliyewahi kumkimbiza hapa mjini mchana kwa sababu ya mbuzi wa ruracio. Mahari ile soko lote lilishuhudia. Mtu atahitaji kuwa jiwe ndio asijue.

Tulicheka, mimi na yeye. Kisha yeye akalia. Kisha mimi pia, kidogo.

Nikamwambia yote, na pia habari ya kitabu. Nilidhani atanilaani. Alisimama wima. "Hukukichoma?"

"Mvua ilinyesha, binti."

Alisema majina ya zamani yakiwa mahali pamoja ni kama hayako. Yatolewe nakala. Yakae mbalimbali, kwa watu wasiopenda kukaa pamoja. Nilimwambia huo ndio ulikuwa utaratibu wa kufuli tatu, sisi wazee tulijua kabla ya umeme. Akasema, "Basi kwa nini mliacha?"

Jioni kabla ya giza nilibeba kitabu kwa kikapu, juu nimeweka sukuma wiki. Duka la fotokopi, kisha nakala moja kwa imamu, moja kwa padri. Kitabu chenyewe kwa nyanya yake Zuhura, Majengo. Bibi kizee asiyesikia na asiyeogopa. Alikiweka chini ya mkeka wa kuswalia. "Nani atanisukuma hapa?" alisema.

Sijamwambia mtu. Hata mke wangu. Hata buchani sijapita. Ulimi unawasha kama una viroboto.

Jumatano, 28 Juni

Mkutano mkuu umeitwa Jumamosi. Orodha ni hiyo tu, maana Macharia anadhani kitabu kiliungua. Orodha ikipitishwa na wanachama, itapelekwa, na shamba la Muthoni limekwenda.

Leo Zuhura amekuta mashamba kumi na moja yamekuwa ishirini. Jana mchana mtu alipitia dirisha la ofisi lililovunjika, sisi tukiwa mazishini Endarasha. Jirani wa Muthoni alikufa. Neno la Theuri lilifunguka kama mlango wa choo.

Alhamisi, 29 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto. Mbaya.

Gathogo alikuja saa sita na watu wawili. Hakuleta nyama. Alivuta kiti changu akaketi.

"Wakini, kitabu kiko wapi?"

"Kilichomwa. Muulize Macharia."

Akatabasamu. "Macharia alikuambia uchome. Wewe hujatii amri ya mtu tangu tutahiriwe. Hata siku ile uliambiwa usitingishike, ukamkonyezea ngariba."

Hilo ni kweli. Nilisikia raha kidogo kwamba anakumbuka.

Kisha walinipiga. Wa kwanza alinipiga ngumi ya tumbo, wa pili akanipiga uso kwa mpini wa shoka. Meno matatu, pamoja na lile lililokuwa likiuma. Nilimwambia asante, amenisaidia. Akanivunja kidole cha kulia cha shahada, alikipinda polepole nyuma kama kuni mbichi. Nilipiga kelele. Nilijikojolea. Sikusema. Gathogo alikuwa anachokoa kucha kwa kijiti.

Jina la bibi kizee lilikuwa mdomoni, hapa mbele, pamoja na damu. Nilimeza vyote.

Walienda kwangu. Walichoma kibanda cha kuku na kuku ndani. Mke wangu alimwagia mmoja maji ya moto ya sufuria ya githeri usoni. Ananiuliza kwa nini watu wanaua kuku wetu. Kuku kumi na nne. Jogoo alikuwa rafiki yangu.

Jumamosi, 1 Julai

Uwanja ulijaa mpaka kwa miti. Askari wanne tu.

Macharia alisoma orodha kwa sauti ya mgonjwa. Akiwa katikati, Zuhura aliingia na nyanya yake, na kitabu kimefungwa kwa mkeka. Macharia alinitazama. Nilimwambia mbele ya wote, "Nilikudanganya. Hakikuungua. Na neno lako nililichekea buchani, huyu Gathogo akasikia. Na nilikula mbavu zake nikamfungulia. Ndivyo majina yalivyobadilishwa."

Mtu alinitemea mate. Sikujipangusa.

Gathogo alisimama, suti ya kijivu. Akasema kitabu ni cha uwongo, kimeandikwa juzi na mlevi na karani wake. Nani atathibitisha? Wengine wakaanza kumuunga mkono, wale aliowanunulia pombe.

Muthoni akapita katikati ya watu. Hospitali walikuwa wamemkataza kutoka. Mkono wa kushoto ni donge la bandeji, kidole gumba peke yake kinatokeza. Zuhura akafungua pedi ya wino. Muthoni akabonyeza kidole kwa pedi, akakibonyeza kwa karatasi nyeupe kando ya ukurasa wake wa 212. Niliona uso wake ulivyojikunja kwa maumivu.

Mstari mweupe katikati. Kwa kitabu, na kwa karatasi. Hata mtu asiyejua kusoma alisoma.

Karatasi ilipitishwa mkono kwa mkono na kitabu nyuma yake. Imamu na padri wakatoa nakala zao, kila mmoja upande wake, hawakuangaliana. Zote sawa.

Halafu uwanja ulipasuka. Sitasema nilihuzunika. Walimvua Gathogo suti, walimpiga kwa fito, kwa viatu, kwa mawe. Lori lake liliwaka na matairi yakapasuka kama bunduki. Mwenye kipara na tai alikimbia akashikwa kwa ua wa waya, na nyama yake ikabaki kule. Nilirusha jiwe. Moja. Lilimpata Gathogo mdomoni na akaniangalia, na nikaona yule kijana wa mtoni asubuhi ile, anatetemeka kwa maji baridi kando yangu.

Nikaangusha la pili. Niliwaambia watosheke. Nani anasikiliza mzee asiye na meno? Nilimlalia nimkinge. Nilipigwa mateke mimi pia mpaka askari waliporusha risasi juu.

Atapona, wanasema. Atafungwa. Jicho moja halitapona.

Jumatatu, 10 Julai

Macharia ameacha uenyekiti. Alikuja langoni akanipa mkono, wa kushoto, kwa ajili ya kidole changu. Alisema babake angemtandika. Nikamwambia mzee Gichuki angekuwa amelewa, asingeona.

Kitabu kimerudi kwa sanduku, kufuli tatu. Majina ya kweli yameingizwa upya. Diski ya pili iko Majengo, chini ya mkeka. Ufunguo haukai tena msumarini, Zuhura anauvaa shingoni. Kila mgeni anaandikwa, hata akileta mbuzi mzima.

Neno jipya la siri liko nusu mbili. Nusu anajua Zuhura, nusu anajua mama mweka hazina, ambaye hasalimiani naye tangu mambo ya kikombe kilichovunjika. Nimewaomba wasipatane.

Mimi silijui. Mtu ameniuliza leo, kwa utani. Nimesema sijui, na ilikuwa kweli, na nimejisikia mwepesi.

Jumapili, 16 Julai

Endarasha. Mlima uko wazi tangu asubuhi, theluji yote.

Muthoni hakunialika, lakini aliniwekea viazi jivuni. Tulikula bila kuongea. Natafuna kwa upande mmoja. Anataka kupanda tena kabla ya mvua za vuli. Jembe linamteleza, mpini ni mnene kwa vidole vitatu.

Nimeketi mlangoni na kisu nikiuchonga. Kila mara naupima kwa mkono wangu wa kushoto, vidole viwili nimevikunja.